Wasukumaji Wasioshika Mpira

Keroka ni mji unaogawanywa na mpaka wa Kaunti ya Kisii na ile ya Nyamira, hata ushuru wa soko lake umewahi kuzua ubishi baina ya pande hizo mbili. Mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka sokoni, ukipanda kilima chenye migomba na majani chai, lipo boma la bibi mmoja mkongwe ambaye wenyewe humwita Magokoro, yaani nyanya. Bibi huyu hajapata kuingia uwanja wowote wa michezo. Hata hivyo, kila Jumamosi asubuhi, tangu mwisho wa Agosti hadi Novemba, huketi nje ya jiko lake akiwa na simu ya mjukuu wake mikononi, akitazama vijana wenye helmeti wakigongana katika nuru ya taa kali.

Mchezo huo ni kandanda ya Kimarekani, na mmoja wa vijana hao ni damu yake. Mwanawe alihamia jimbo la Minnesota zamani kidogo, akaoa, akapata watoto. Kule shule za sekondari hucheza usiku wa Ijumaa. Ikiwa ni saa moja ya jioni kwao, huku kwetu ni saa tisa ya usiku wa kuamkia Jumamosi, jogoo wa kwanza bado hajawika. Kunapopambazuka picha zimekwisha wasili.

Mwandishi wa makala haya alikuwapo asubuhi moja Magokoro alipouliza swali ambalo limeniandama tangu siku hiyo. Alikuwa ametazama kwa muda wa dakika kumi hivi. Akairudisha simu, akasema kwa masikitiko: "Huyu mtoto wetu amewakosea nini wenzake hata wakamnyima mpira?"

Mjukuu aliyebeba simu akacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu hata mimi nilikuwa nimeliona jambo hilo na kulinyamazia. Kijana amevaa nambari 74. Ana kimo cha mlango na upana wa kabati. Dakika kumi nzima hakuugusa mpira, hakukimbia nao, hakurushiwa. Kila mara aliinama, akamgonga mtu, akamsukuma, akainuka, akarudi mahali pake. Je, mtu aweza kupewa sifa, achilia mbali karo ya chuo kikuu, kwa kazi ya namna hiyo?

Jawabu ni kwamba aweza, na tena sana. Lakini kabla ya kufika huko yafaa tuelezane kazi yenyewe ni ipi.

WATANO WA MBELE

Katika kandanda hiyo kila upande una watu kumi na mmoja uwanjani. Upande wenye mpira huwaweka watu watano wakubwa katikati ya mstari wa mbele. Wa kati huitwa senta, na ndiye anayeupitisha mpira nyuma kati ya miguu yake ili mchezo uanze. Kulia na kushoto kwake wako magadi wawili. Nje yao wako wawili wengine ambao nitawaita walinzi wa pembeni, maana jina lao la Kiingereza likitiwa irabu za Kiswahili litatutia aibu mbele ya wakwe. Wote watano huvaa nambari kati ya 50 na 79, na mpira ukirushwa mbele hawaruhusiwi kuupokea. Sheria yenyewe ndiyo iliyowanyima mpira, Magokoro, wala si wenzao.

Kazi yao ni mbili. Timu ikitaka kukimbia na mpira, wao hufungua njia kwa kuwaondoa wapinzani mahali waliposimama. Timu ikitaka kuurusha, wao hurudi nyuma na kumzunguka mrushaji, yule waitaye kwotabeki, kama ua unavyozunguka boma, ili apate sekunde mbili tatu za kutazama na kurusha. Sekunde hizo zikikosekana hakuna mchezo. Usiku wa tarehe 18 Novemba 1985 kwotabeki Joe Theismann wa Washington alivunjwa mguu mbele ya mamilioni ya watazamaji wa televisheni, na tangu miaka hiyo watu walianza kufahamu thamani ya mlinzi wa pembeni wa kushoto, anayelinda mgongo wa mrushaji anayetumia mkono wa kulia. Leo walinzi hao hulipwa mamilioni ya dola.

Watu wengi hudhani kusukuma ni nguvu tu. Mimi pia nilidhani hivyo, mpaka nilipomsikiliza mwalimu mmoja wa shule ya sekondari upande wa Nyamira, mtu mfupi mwenye shingo nene, ambaye ujanani alicheza raga katika mstari wa mbele wa skramu na ambaye sasa huwafundisha wanafunzi wake jioni. Gusii ina raga yake. Klabu ya Kisii RFC ipo, na shule kadhaa huucheza mchezo huo, ingawa sifa kubwa ya mji wa Kisii ni kandanda ya kawaida ya Shabana FC na makelele ya uwanja wa Gusii. Mwalimu huyu hajaifundisha kandanda ya Kimarekani hata siku moja. Lakini anajua kusukuma, na kwa kuwa siku hizi kila kitu kimo ndani ya simu, ameitazama kwa makini.

"Watu wanatazama mikono," aliniambia, "na mimi natazama nyonga. Nyonga ikiinuka, kazi imekwisha."

Uwanja wake uko chini ya ukingo wa Manga, nao una mteremko kama viwanja vyetu vyote. Mvua ya alasiri hunyesha karibu kila siku, na uwanja huwa tope. Katikati ya mikalatusi miwili amefunga kamba ya mkonge kwa kimo cha kifua cha mtu. Vijana wanaposukumana hupita chini ya kamba hiyo wakiwa wameinama, magoti yamekunjwa, mgongo umenyooka, macho mbele. Akiinuka mmoja, kamba humpiga usoni, na hapo hahitaji kuelezwa kosa lake. Wamarekani wana chombo cha chuma cha kazi iyo hiyo, kama paa fupi lisilo na kuta. Wana pia kigari kizito kisicho na magurudumu chenye mito ya kugonga, ambacho watano hukisukuma pamoja huku kocha amesimama juu yake akipiga kelele. Hapa kwetu pana gurudumu la trekta lililojazwa mawe.

Mambo anayoyasisitiza ni yale yale yanayofundishwa Minnesota. Hatua ya kwanza iwe fupi, sentimita kama 15, kwa sababu anayetupa mguu mbali hubaki na mguu mmoja ardhini wakati wa kugongwa. Hatua ya pili ifike chini kabla mpinzani hajaimaliza ya kwake. Miguu ibaki imetanuka kama ya mtu aliyebeba mtungi kwenye utelezi. Viganja viingie ndani, kifuani mwa mpinzani, viwiko vikiwa karibu na mbavu na vidole gumba vikitazama juu, kama unamkabidhi mtu debe la maji ya moto. Aliyeingiza mikono ndani ndiye mwenye usukani, na aliyeachwa na mikono ya nje ndiye atakayeshawishika kushika jezi. Kumvuta mtu kwa jezi ni kosa la yadi 10. Kutikisika kabla mpira haujatoka ni yadi 5, ndiyo maana watu hawa wanene ni lazima wawe na masikio mazuri pia: kwotabeki huita hesabu waliyopatana, na wote watano huondoka kwa neno moja.

Upo ufundi mwingine ambao raga haina kabisa, nao ni ule wa kumlinda mrushaji. Hapa msukumaji hasukumi. Anarudi nyuma kwa hatua za ubavu, mguu wa nje ukivutwa na wa ndani ukifuata bila kupishana, kama mtu anayerudi kinyumenyume mbele ya mbwa mkali asitake kumpa mgongo. Anangoja. Mpinzani akikaribia humpa pigo fupi la viganja kifuani, kisha humfuata kulia au kushoto kama kivuli. Mwalimu wetu alikiri kwamba hapo ndipo alipopotea. Katika raga ukitangulia mbele ya mwenzako mwenye mpira ili kumzuia mtu, refa hupuliza kipenga, umeziba njia. Kijana wa raga amekatazwa tangu utotoni jambo lile lile ambalo kule ni kazi ya mshahara.

Ni vyema nikumbushe kwamba viganja hivyo vilivyo wazi si vya tangu zamani. Katika ligi kubwa ya NFL, mpaka mwaka 1978 msukumaji alibana mikono karibu na mwili, viwiko nje kama mabawa ya kuku, na aligonga kwa bega na kwa kichwa. Mwaka huo sheria iliwaruhusu kunyoosha mikono na kufungua viganja wanapomlinda mrushaji, na kuanzia hapo mchezo ukawa wa kurusha.

DESEMBA

Sasa turudi kwa kijana wetu. Desemba ya mwaka 2024 wazazi wake walimleta nyumbani kwa likizo. Alikuwa na umri wa miaka 16 na uzito wa kilo 124. Ekegusii anakisikia vizuri lakini anakijibu kwa Kiingereza, na kwa siku tatu za kwanza watoto wa jirani walikuwa wakija kumtazama akila. Siku ya nne binamu yake alimpeleka kwa mwalimu wa kamba ya mkonge. Nami nilifuata, nikiwa na mwavuli.

Kulikuwa na mvulana mmoja pale, mtoto wa wachuma majani chai, mwenye kilo zisizozidi 85, anayecheza mstari wa mbele wa skramu ya shule. Mwalimu akawaweka ana kwa ana, akapiga kofi. Mgeni aliondoka kwa kishindo. Lakini kwenye tope lile la mteremko aliinuka kidogo tu, upana wa kiganja, na yule mdogo alikwisha kuwa chini yake, bega limeingia mbavuni, miguu inachapa. Mgeni alirudi nyuma hatua tano, sita, kisha akakaa matakoni. Wanafunzi walipiga mayowe yaliyosikika barabarani. Wakarudia, na matokeo yakawa yale yale. Mara ya tatu mgeni alijifunga, akainama vilivyo, wakaganda hapo hapo kama nguzo mbili mpaka mwalimu akawaachanisha.

Kisha mwalimu akafanya jambo la haki. Akaweka kibuyu cha maji mita nne nyuma ya mgeni, akawaambia vijana wake wakakichukue mmoja mmoja. Hakuna aliyekifikia. Kijana mwenye kilo 124 alirudi nyuma kwa hatua zile za ubavu, mwepesi kama paka, viganja mbele, na kila aliyekuja alijikuta amepelekwa pembeni asijue ilikuwaje. Yule wa kilo 85 alijaribu mara saba. Mara ya mwisho alipita, kwa kuwa mgeni aliteleza, akakinywa kibuyu chote.

Jioni hiyo wawili hao walikuwa wamekaa pamoja kwenye ukuta wa zahanati, mmoja akimwonyesha mwenzake namna ya kuinama, mwingine namna ya kuweka viganja. Walizungumza lugha gani sijui.

Msomaji wa hapa nyumbani anaweza kushangaa kwa nini watu wa Gusii, ambao dunia iliwajua kwa mbio, sasa wazungumzie kusukuma. Ni kweli. Nyandika Maiyoro alikuwa wa saba katika mita 5,000 kule Melbourne mwaka 1956, Kenya iliposhiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza. Naftali Temu aliiletea Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki katika mita 10,000 kule Mexico mwaka 1968. Na kati ya wanne walioshinda mbio za kupokezana za mita 400 mara nne huko Munich mwaka 1972, watatu walikuwa wetu: Charles Asati, Hezahiah Nyamau na Robert Ouko wa Manga. Sifa hizo hazifutiki. Lakini mkimbiaji hukimbia peke yake, na mtu wa vilima hivi hakuishi peke yake kamwe. Wazee wanaikumbuka egesangio, chama cha majirani waliolima shamba la huyu leo na la yule kesho. Walisimama mstari mmoja chini ya kilima, wakapanda wakilima pamoja, na aliyejitia kuwatangulia wenzake alichekwa sawa na aliyebaki nyuma. Nilipowaona watano wa Minnesota kwenye simu wakiondoka kwa neno moja, bega kwa bega, wawili wakimsukuma mmoja nyonga kwa nyonga kisha mmojawao akiachilia kwenda kumpokea wa nyuma, nilikumbuka majembe.

Magokoro aliyachukua haya haraka kuliko nilivyotarajia. "Kumbe ni kazi ya kulima," alisema. "Basi nani anakula?"

Anayekula ni mwenye mpira, na magazeti ya kule huandika jina lake yeye.

KICHWA

Hapa ndipo furaha inapopungua, nami siwezi kuyaruka kwa kuwa ndiyo yaliyoleta ubishi ndani ya nyumba ile.

Mama yake kijana hufanya kazi ya usiku katika makao ya wazee. Wakisii wengi walioko katika vitongoji vya Brooklyn Park na Brooklyn Center, kaskazini ya Minneapolis, wanafanya kazi ya namna hiyo. Kila usiku huwaosha na kuwalisha watu waliosahau majina ya watoto wao. Mmoja wa wazee hao, aliniambia, aliwahi kucheza kandanda hiyo ujanani, naye husimama katikati ya chumba na kuinama, vidole vikigusa sakafu, akingoja hesabu. Tangu alipomwona, mama huyu hataki kusikia habari za nambari 74.

Hofu yake ina msingi. Mwaka 1968 vifo 36 vilivyotokana moja kwa moja na majeraha ya mchezo huo vilihesabiwa Marekani. Wachezaji walikuwa wamefundishwa kugonga kwa uso na kwa utosi, kwa kuwa helmeti ngumu ziliwafanya wajione hawavunjiki, na shingo ndizo zilizovunjika. Mwaka 1976 vyama vya shule za sekondari na vya vyuo vilipiga marufuku kutanguliza kichwa katika kugonga na kusukuma. Makocha wakafundisha upya: macho juu, kichwa pembeni, mikono itangulie. Mwaka 1990 hapakuwa na kifo hata kimoja cha aina hiyo. Naona hii ni habari kubwa kuliko vikombe vyote, kwamba kubadilisha namna ya kuinama kuliokoa maisha.

Lakini shingo ni jambo moja na ubongo ni jingine. Mwaka 2002 alifariki Mike Webster, senta wa Pittsburgh Steelers aliyechukua nao ubingwa mara nne, akiwa na umri wa miaka 50 tu. Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya kupotewa na akili, hata kulala ndani ya gari. Aliyeuchunguza ubongo wake alikuwa Mwafrika, Dakta Bennet Omalu, mzaliwa wa Nigeria. Alikuta alama za ugonjwa uliojulikana kwa mabondia, akayachapisha mwaka 2005, na wakubwa wa ligi wakampinga vikali kabla ya kukubali kwa shingo upande. Webster hakuwa mkimbiaji wala mrushaji. Alikuwa mmoja wa watano wa mbele. Wao hawagongwi kwa kishindo cha kutisha kama wengine, ila hugongwa kidogo kidogo kila mchezo unapoanza, mara nyingi kwa siku, na madaktari wanasema mapigo hayo madogo hujumlika.

Ndiyo maana mazoezi yamebadilika. Tangu mkataba wa mwaka 2011 timu za NFL haziruhusiwi zaidi ya siku 14 za mazoezi ya kugongana kikamilifu katika msimu. Tangu 2022 wachezaji wa mstari wa mbele huvaa kofia laini juu ya helmeti wakati wa kambi ya matayarisho. Kocha mzuri siku hizi hufundisha sehemu kubwa ya ufundi bila kugonga: miguu peke yake, kisha mikono kwenye mto, kisha mtu kwa mtu kwa nusu mwendo. Mwalimu wetu wa Nyamira alipoelezwa hayo alitazama gurudumu lake la trekta na kusema, "Basi mimi ni wa kisasa. Hili halina kichwa."

Baba ana hesabu nyingine. Karo ya chuo kikuu kule ni mzigo ambao hata zamu mbili haziutoshi, na chuo hulipia karo vijana wakubwa wanaojua kuinama. Makocha wa chuo kimoja wamekwisha kuandika barua. Baba hukumbusha pia habari za Jordan Mailata, kijana wa Australia mwenye wazazi wa Samoa, aliyecheza raga ya watu 13 na hakuwa amecheza kandanda ya Kimarekani hata mechi moja. Philadelphia Eagles walimchukua mwaka 2018 akiwa karibu wa mwisho katika orodha, nambari 233. Kocha Jeff Stoutland alimfundisha kuanzia namna ya kusimama, na ilimchukua mpaka 2020 kuanza mechi. Februari 2025 alikuwa mlinzi wa pembeni wa kushoto wa timu iliyoshinda Super Bowl kwa pointi 40 dhidi ya 22 za Kansas City. Baba huyu huisimulia habari hiyo kana kwamba Mailata alizaliwa Nyansiongo.

Wakenya wenyewe wamo kidogo tu. Daniel Adongo, aliyetoka katika raga, alichezea Indianapolis Colts mwaka 2013, akiwa upande wa ulinzi. Na wanaotumaini kumwona msukumaji wa Kenya katika Olimpiki ya Los Angeles ya 2028 wajue mapema kwamba huko itachezwa kandanda ya vitambaa, watano kwa watano, ambayo kugongana na kusukumana kumekatazwa. Watano wetu wa mbele hawana nafasi humo.

Ubishi wa wazazi haukumalizika Desemba ile. Usiku wa kuamkia safari, waliketi jikoni kwa Magokoro kwa kuwa ndiko kwenye moto. Baba alizungumza habari ya karo, mama akazungumza habari ya mzee anayeinama chumbani. Kijana alikaa kimya, akila mahindi. Mwishowe mama aliweka masharti. Atacheza msimu mmoja zaidi. Kocha atamwandikia ni siku ngapi kwa wiki wanagongana. Na akipata kizunguzungu mara moja tu, akakificha, mchezo umekwisha siku hiyo. Baba akakubali. Magokoro akauliza kizunguzungu kitajulikanaje ikiwa mtoto mwenyewe amejifunza kunyamaza. Hakuna aliyemjibu, na nadhani hilo ndilo swali ambalo hata Wamarekani hawajalimaliza.

Asubuhi gari la mjomba lilikwama kwenye tope la njia ya kwenda Keroka, kama ilivyo kawaida. Tulitoka wanaume sita kulisukuma. Kijana alitusimamisha, akatuinamisha, akamkemea mjomba mmoja mnene aliyekuwa amenyoosha magoti, kisha akahesabu kwa Ekegusii, neno lake la kwanza la lugha hiyo nililolisikia kwa sauti. Tuliondoka pamoja kwa "isato". Gari lilitoka, na yeye akabaki ametapakaa tope kuanzia kidevuni.

Msimu ulioanza baadaye nilipita tena bomani Jumamosi moja. Magokoro alikuwa na simu, mjukuu wa kidato cha pili amechuchumaa kando yake. Kijana huyo alikuwa akishangilia, kwa kuwa mtu fulani alikuwa amekimbia na mpira yadi nyingi. Bibi alimpiga kofi la bega. "Wewe unatazama nini huko? Rudisha nyuma. Rudisha nione miguu yake."